Mchora Takwimu au Mfasiri wa Takwimu? Uhakiki wa Istilahi

Magazeti na idara za serikali huajiri watu ambao kazi yao ni kuzigeuza tarakimu ziwe picha: grafu ya bei za vyakula, ramani ya mvua, duara la matumizi ya bajeti. Kazi hiyo ipo, lakini jina la mwenye kuifanya bado lina utata. Aghalabu huitwa mchoraji, mchora takwimu au mbunifu wa takwimu. Makala haya yanakusudia kuyapima majina hayo, kwa kuwa jina la cheo huamua mtu ataitwa katika hatua ipi ya kazi, na atakuwa na haki ya kuuliza nini.

Yafaa kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1925 Otto Neurath alianzisha mjini Vienna jumba la makumbusho la jamii na uchumi, ili wananchi wa kawaida waelewe mambo ya nyumba, afya na kazi kwa njia ya picha. Humo kazi iligawanywa. Wataalamu walikusanya tarakimu, na wasanii, akiwemo Gerd Arntz, walichora alama. Kati yao alisimama Marie Reidemeister, ambaye baadaye alikuwa mke wa Neurath. Yeye aliamua ni jambo gani katika tarakimu hizo linastahili kuonyeshwa, na kwa mpangilio upi. Njia hiyo, iliyopewa jina la Isotype mwaka 1935, ilifika hata Afrika: katika miaka ya 1950 Marie Neurath aliitumia kuiandalia serikali ya Nigeria ya Magharibi vitabu vya kuelimisha umma.

Kanuni yao kuu ilikuwa kwamba wingi uonyeshwe kwa kurudia alama ile ile, wala si kwa kuikuza. Tuseme wilaya ilivuna magunia elfu moja, na mwaka uliofuata elfu mbili. Mchoraji asiyeijua kanuni huchora gunia la pili likiwa na urefu mara mbili na upana mara mbili. Eneo lake basi limekuwa mara nne, na jicho la msomaji huona eneo. Tarakimu ni sahihi, lakini picha imesema uongo. Kosa hili halitokani na mkono wa mchoraji bali na uamuzi uliotangulia kalamu.

Mabishano ya fani hii yamehusu uamuzi huo huo. Nigel Holmes, aliyechorea jarida la Time kuanzia 1978 hadi 1994, alipamba grafu zake kwa picha za watu na vitu. Edward Tufte, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliyaita mapambo ya namna hiyo takataka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, waliwapa watu 20 grafu za Holmes pamoja na zilizovuliwa mapambo. Wasomaji hawakuzielewa vibaya zile zilizopambwa, na baada ya wiki mbili au tatu walizikumbuka zaidi. Hata hivyo, idadi hiyo ya watu ni ndogo mno kuumaliza ubishi.

Sasa turudi kwenye majina. "Mchoraji takwimu" lina kasoro ya sarufi: kiambishi -ji hudondoka yambwa inapofuata, kama katika mpiga picha na mchora ramani. "Mchora takwimu" basi ni sahihi kwa umbo, lakini lataja mkono tu. "Mbunifu wa takwimu" ni hatari zaidi, kwa sababu kubuni ni kuvumbua na pia ni kuzua. Takwimu za kubuni ni takwimu za uongo, hivyo cheo hicho kingekuwa mashtaka.

Twapendekeza "mfasiri wa takwimu". Wafasiri watauliza kama jina lao limeporwa. La hasha. Kufasiri, kwa maana yake kongwe, ni kueleza na kufafanua, kama katika tafsiri ya Kurani, na ndiyo kazi aliyoifanya Marie Neurath. Aidha, mfasiri hawezi kutafsiri asichokielewa, na ana wajibu kwa matini na kwa msomaji pia. "Mchora takwimu" libaki kwa anayechora tu.

Tofauti hii ina uzito katika miundo ya utumishi. Aliyeajiriwa kuchora huletewa tarakimu jioni, gazeti likiwa karibu kwenda mitamboni, naye hachelei kosa ambalo si lake. Aliyeajiriwa kufasiri hatuna budi kumwita mapema, wakati bado inawezekana kuuliza tarakimu zimetoka wapi. Walimu na maofisa wanaotumia jina lingine lililo bora tunawaomba walilete, lipimwe kwa vigezo hivi hivi.