Mshono wa Hanamu: Watoto, Sindano na Hadithi za Viraka

Kuna kundi la vitabu vya Kimarekani ambalo nimekuwa nikilisoma kwa hamu na kwa mashaka pia: hadithi ambazo ndani yake mtoto anashona mfarishi wa viraka. Mfarishi ni neno la kamusi za zamani. Kwenye mazungumzo ya kawaida tungesema tu blanketi la viraka. Vipande vya nguo kuukuu vinaunganishwa kuwa miraba, miraba inaunganishwa kuwa shuka, chini yake inatandazwa pamba na bitana, kisha tabaka zote tatu zinashonwa pamoja.

Mashaka yangu ni haya: mara nyingi mtoto kwenye hadithi hizi hashoni. Anashikishwa sindano ili mwandishi apate kutuambia jambo kuhusu ukoo, kumbukumbu au uhuru. Mambo makubwa hayo, sikatai. Lakini mimi napima vitabu hivi kwa kipimo kidogo zaidi: je, mwandishi anajua mtoto anapata tabu wapi kwenye kitambaa?

Tuanze na mraba ambao watoto wengi huanzia, wa viraka tisa. Safu tatu, kila safu viraka vitatu. Vitano rangi iliyokolea, vinne rangi hafifu, au kinyume chake. Mtoto anapewa huu kwa sababu mishono yote imenyooka. Tabu yake iko kwenye pembe: safu zikiunganishwa, pembe za viraka zinatakiwa kukutana sawasawa, na ukikosea nusu sentimita kwenye kila kipande, hadi mwisho mraba umekwenda upande. Wanaoshona wanajua dawa yake. Piga pasi mishono ya safu moja ilalie kulia na ya safu inayofuata ilalie kushoto, nayo itakaliana yenyewe. Ni mambo madogo, lakini mtoto aliyeyapitia hayasahau.

Laura Ingalls Wilder aliyajua. Katika On the Banks of Plum Creek (1937), dada yake mkubwa, Mary, bado anaendelea na viraka tisa, na Laura anaanza mraba mwingine unaoitwa nyayo za dubu. Ni sentensi chache tu, rahisi kuzipita. Mimi zilinisimamisha. Mraba wa dubu una pembetatu, na pembetatu maana yake kuna upande uliokatwa hanamu. Fundi yeyote wa cherehani atakwambia kitambaa kilichokatwa hanamu hakitulii: ukikivuta kidogo kinarefuka, ukikilazimisha kinajikunja. Mama yake Laura hamruhusu kwenda mshono unaofuata mpaka huu uwe sawa, na mshono mmoja mfupi unaweza kumla siku kadhaa.

Basi, hapo pana mafunzo yote, na hakuna hotuba hata moja. Hakuna bibi anayesema eti maisha ni kama viraka. Kuna mtoto asiye na subira, kitambaa kisichotulia, na mama asiyelegeza kamba. Tabia ya Laura tunaijua kwa namna anavyopambana na hanamu. Tena jambo hili halipotei: vitabu vya mbele Mary anapopofuka, bado anashona, kwa sababu vidole vyake vilishajua kazi wakati macho yapo.

Simsifu Wilder kwa yote. Namna alivyowaandika wenyeji wa asili wa Marekani imekosolewa sana, na kwa haki. Mwaka 2018 jina lake liliondolewa kwenye tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo. Lakini kwenye suala la sindano, sijaona mwandishi wa watoto aliyemheshimu mtoto kuliko yeye.

Valerie Flournoy, katika The Patchwork Quilt (1985), kitabu chenye michoro mizuri ya Jerry Pinkney, anakwenda njia nyingine. Bibi anataka kushona blanketi kutokana na nguo za familia. Mama anaona afadhali kununua jipya, na bibi anakataa. Kwetu tungesema usiache mbachao kwa msala upitao, na ndiyo roho ya kitabu chote. Bibi anaugua, na mjukuu wake Tanya anaiendeleza kazi. Kisha anagundua kwamba kila mtu yumo kwenye blanketi isipokuwa bibi mwenyewe. Anachukua mkasi, ananyata hadi kitandani, anakata vipande kutoka blanketi kuukuu la bibi. Tukio hilo limetimia. Mtoto haambiwi la kufanya. Anaona pengo, anaamua, anakata.

Ninachokikosa kwa Flournoy ni ukaidi wa kitambaa. Miezi inapita, blanketi linakua, upendo unakua nalo, kila kitu kinapokelewa vizuri. Napenda kitabu hiki, lakini msomaji mdogo anaweza kukifunga akidhani kazi ya mikono ni upendo tu. Halafu siku atakaposhika sindano, uzi ukajifunga fundo mara tatu, atajiona ana kasoro yeye.

Sweet Clara and the Freedom Quilt (1993) cha Deborah Hopkinson na mchoraji James Ransome ndicho kinachoniumiza kichwa. Clara ni mtoto mtumwa, hajafika hata miaka kumi na miwili, ametenganishwa na mama yake. Anafundishwa kushona ili apate kazi ndani ya nyumba kubwa badala ya shambani. Akiwa huko anasikia habari za njia ya kwenda kaskazini, anaanza kushona ramani: vipande vya bluu ni mito, vya kijani ni mashamba. Kwa hadithi ya kubuni, wazo hili ni zuri mno. Shida ilikuja baadaye. Mwaka 1999 kilitoka Hidden in Plain View cha Jacqueline Tobin na Raymond Dobard, kikidai kwamba miraba ya mifarishi ilikuwa kweli alama za siri za watumwa waliotoroka. Wanahistoria wengi wamelipinga dai hilo kwa kukosa ushahidi wa wakati ule, lakini shule nyingi zililipokea kama historia.

Simlaumu Hopkinson kwa hilo. Yeye aliandika hadithi. Ninachouliza ni kwa nini tulikuwa na njaa kiasi hicho ya alama za siri. Nadhani ni kwa sababu kazi ya mtoto na mwanamke haikutosha machoni petu mpaka ifichwe kitu ndani yake. Kama kwamba blanketi lililomzuia mtu asife na baridi ni dogo mno kuitwa historia.

Hata hivyo Clara anafanya jambo moja ambalo kitabu chenyewe hakilitilii mkazo wa kutosha. Anapotoroka, blanketi analiacha nyuma, liwasaidie wengine. Halihitaji. Njia imeshaingia kichwani kupitia vidoleni.

Hapo ndipo namkumbuka Alice Walker na hadithi yake fupi “Everyday Use” (1973), ambayo si ya watoto. Dee, msomi wa mjini, anarudi kijijini na jina jipya, Wangero, na salamu ambayo msomaji wa Uganda ataitambua mara moja: ni ile ya Kiganda ya asubuhi, ya kuulizana umelalaje, imeandikwa kama ilivyosikika sikioni. Anataka mifarishi ya bibi ili aitundike ukutani, ile ile aliyoikataa alipokuwa akienda chuo. Mdogo wake, Maggie, mwenye makovu ya moto na aibu nyingi, ndiye aliyeahidiwa. Dee anaona ni balaa: Maggie atailalia mpaka ichakae! Mama anajibu kwamba ikichakaa, Maggie atashona mingine. Anajua kushona; alifundishwa na bibi na shangazi.

Wengi husoma hadithi hii kama ugomvi juu ya urithi ni wa nani. Kwangu jibu liko kwenye kitenzi. Dee anayo maneno ya urithi, Maggie anao mshono. Mfarishi ukiungua kesho, Dee amebaki na picha, Maggie amebaki na ufundi.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu akiniuliza aanze na kipi, namwambia aanze na Tanya, kisha Clara, na wakifika kwa Laura amwekee mtoto viraka tisa mezani. Ashone, afumue, ashone tena. Na nasubiri kwa hamu mwandishi wetu atakayefanya hivyo hivyo kwa mtoto anayesuka ukili wa kwanza, ukili unaokwenda upande, na bibi anayesema tu: fumua, anza upya.