Kosa halikuwa la Franco

Bandugu, miaka mingi nilisema "Mario" ya Franco na TPOK Jazz (1985) ni wimbo mrefu bure. Mzee wangu alikuwa ananiambia: "Sikiliza gita la besi." Mimi besi sikuisikia. Nilikuwa na nakala ya kilobiti 128, ya kupitishwa simu kwa simu, na ekuteri za kulegea.

Mwezi jana, nikitoka Lwiro kwenda Bukavu, niliweka faili ya FLAC kwenye kadi memori, na ekuteri za waya zenye mipira ya kuziba sikio. Basi. FLAC haitupi sauti yoyote. Mipira inazuia kelele ya gari, hauna haja ya kupandisha volimu. Kaske ya Bluetooth ya bei kali hairudishi kilichokatwa kwenye faili.

Kabla ya Kavumu besi ikaingia. Gita zinajibizana, kila moja na njia yake. Nikaelewa urefu ule: kumgombeza kijana anayekula kwa mwanamke hakuishi mu dakika 3!

Nilihukumu kazi ya mtu kwa nakala mbovu. Sisi wenye licence tunafanya hivyo mara ngapi? Nilipofika, nilimpa mzee ekuteri moja. Alicheka tu.