Sombe Kabla ya Mafuta

Mtu akitaka kujua kama sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ni nzuri, hapa Bunia, Ituri, wengi watamwambia atazame mafuta: yakielea juu mekundu na kuzunguka ukingo wa sufuria, basi mpishi hana mkono wa birika. Mimi namwambia atazame kabla mafuta hayajamiminwa. Achote kijiko cha majani yaliyochemka, bila samaki, bila mawese, ayaache yapoe kidogo, kisha ayaonje. Kazi ya shamba, ya kinu na ya moto yote iko katika kijiko hicho. Vinavyofuata huipamba sombe njema na kuificha mbaya, na mlaji anayepima kwa wingi wa mafuta hudanganyika kirahisi.

Tuanze sokoni. Majani ya muhogo huingia Bunia asubuhi mapema, kichwani na kwenye pikipiki, kutoka mashamba yanayouzunguka mji. Tangu machafuko yaliporudi eneo jirani la Djugu mwishoni mwa 2017, familia nyingi zilizokuwa zikichuma sombe nyuma ya nyumba zao zimejikuta mjini au kambini, na kitu ambacho zamani hakikuwa na bei sasa kinanunuliwa kwa mafungu. Anayenunua kwa franka chache alizo nazo anastahili kujua anachonunua.

Shika kikonyo cha jani la tatu au la nne kutoka kwenye ncha, ukivunje. Kikikatika kwa mlio, jani lina umri unaofaa. Kikipinda na kuacha nyuzi zinazoning'inia, jani limekomaa na hakuna mchi utakaolilainisha sawasawa. Kuna wanaodhani kwamba jani changa kabisa, lile jekundu-jekundu la kileleni, ndilo bora kuliko yote. Sikubaliani nao. Jani hilo huyeyuka kwenye sufuria likakosa mwili, na ndilo lenye sumu nyingi zaidi ya asili ya muhogo. Mimi nataka jani lililokwisha kukunjuka, laini bado, la kijani kinachong'aa, pamoja na vilele vichache vya kulisindikiza.

Kisha fungua fungu. Mama anayeuza kwa haki hatakasirika ukimwomba, "Mama, naomba nione ya ndani." Nje huwekwa machanga, katikati hujazwa makuukuu, na majani yaliyofungwa tangu jana jioni huwa yameanza kupata joto katikati: ukiingiza mkono unalihisi, na rangi imeanza kugeuka njano. Hayo yataleta harufu ya nyasi zilizooza ambayo hata vitunguu havitaiondoa. Majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano ni habari nyingine. Huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, ule ambao mlipuko wake mkali ulianza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ukasambaa hadi kwetu. Haumdhuru mlaji. Lakini jani lililojikunja ni jembamba, lina mishipa mingi na nyama kidogo, kwa hiyo fungu lake linapaswa kuwa na bei ndogo.

Sasa kinu. Hapa ndipo ninapokawia, kwa sababu hapa ndipo sombe nyingi za mjini zinapoharibika. Siku hizi mashine za kusaga sombe ziko kila mahali sokoni, na sitamlaumu mama mwenye watoto sita na kazi ya mchana kwa kuzitumia. Ila tofauti ipo na ulimi unaijua. Mchi huponda, hulikamua jani na kuuachia utomvu wake huku nyuzi zikichambuka moja moja. Kisu cha mashine hukata: kikiwa butu huacha vipande vya vikonyo, na kikiwa kikali mno hutoa ujiuji usio na mshiko. Chukua kiasi kidogo cha sombe mbichi iliyotwangwa, uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Iliyotwangwa vizuri hushikana kama unga wa ngano uliokandwa, inatoa unyevu wa kijani, na hutahisi kijiti chochote. Ukihisi vijiti, mtwangaji hakuondoa vikonyo, au alichoka kabla ya wakati. Ukiona maji yanatengana na majani, mashine imekata badala ya kuponda.

Wapishi ninaowaheshimu hutia majani ya vitunguu na pilipili mboga kinuni mwishoni kabisa, sombe ikiwa karibu kuiva kwa mchi, ili vipondeke pamoja nayo. Bilinganya huja baadaye, sufuriani. Ukila sombe ukakuta kipande kizima cha kitunguu kinaogelea peke yake, jua viungo viliingia kama wageni waliochelewa.

Kuna desturi ya kuyachovya majani katika maji ya moto kabla ya kuyatwanga, ili yalainike na kupunguza uchungu. Najua imeenea, na najua inarahisisha kazi. Hata hivyo nasimama upande wa wanaotwanga mabichi, na sababu yangu si ladha peke yake. Jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, na pembeni yake, kikiwa kimetengwa nacho, lina kimeng'enya cha kukivunja. Mchi ukivunja kuta za seli, viwili hivyo hukutana, na sumu ya sianidi inajitenga na kuwa gesi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo moto wa kawaida unaitoa kwa wepesi. Lakini kimeng'enya hufa kwa joto. Ukimwaga maji ya moto kwanza, umemuua mfanyakazi kabla hajaanza kazi, na sehemu ya linamarini hubaki ilivyokuwa isipokuwa ile inayokwenda na maji unayoyamwaga. Twanga mabichi, pumzisha kidogo, kisha chemsha bila mfuniko.

Bila mfuniko, narudia. Ukiingia jikoni ukakuta sombe inachemka imefunikwa tangu mwanzo, una haki ya kuwa na mashaka. Nchi yetu ya Kongo inajua gharama ya muhogo usioandaliwa vizuri: ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, na chanzo chake ni mizizi michungu iliyofupishiwa maandalizi mahali ambapo watu hawana protini ya kutosha. Jani lililotwangwa na kuchemshwa vizuri hugeuka mlinzi, kwa kuwa lina protini nyingi ambayo mzizi hauna.

Muda wa moto hauna saa moja inayofaa kila jiko. Bunia iko mita 1,200 na ushei juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kule Kasenyi kando ya Ziwa Albert, karibu nusu ya kimo hicho, yanapata moto zaidi. Mpishi aliyetoka ziwani akafuata mazoea ya kwao atatuletea sombe isiyoiva. Pima kwa harufu. Mwanzoni mvuke una ukali wa majani mabichi unaoingia puani. Baadaye ukali unaondoka, inabaki harufu nzito na tulivu, na rangi inatoka kijani cha shambani kwenda kijani cha zeituni. Sombe iliyobaki na kijani kikali baada ya moto mrefu imetiwa magadi au bikarbonati. Kidogo husaidia majani yaliyokomaa. Kikizidi, sombe huwa na utelezi na ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, na hiyo ndiyo hila ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inafanya majani mabaya yaonekane mazuri.

Hapo sasa ndipo inapokuja onja ile ya kijiko. Iliyo njema ina uchungu mdogo unaopita haraka, halafu utamu kidogo, na haikwarui koo. Ikikwarua, bado haijaiva, na hakuna samaki atakayeirekebisha.

Mawese yetu mengi hutoka upande wa msitu, Mambasa, na upande wa Beni, kwenye bidoni za manjano. Baridi ya usiku ya Bunia inamsaidia mnunuzi: asubuhi mawese halisi huwa yameganda nusu, mazito chini na mekundu ya maji juu. Yakiwa maangavu na mepesi kabisa asubuhi ya baridi, muulize muuzaji yamechanganywa na nini. Paka tone kwenye kiganja, lisugue, lilambe. Mawese mazuri yana harufu ya tunda na huteleza kooni. Yanayochoma koo yametoka kwenye ngazi (matunda ya mchikichi) zilizokaa siku nyingi chini kabla ya kuchemshwa, zikachachuka. Na mpishi asiyachome mpaka yapoteze rangi, kwa maana wekundu huo ni karotini, chakula cha macho ya watoto, na moto mkali huimaliza. Yatie sombe ikiwa tayari, yachemke pamoja nayo polepole. Kipimo changu ni hiki: ukiburuta kijiko katikati ya sufuria, mafuta yafuate nyuma taratibu bila kukimbilia kwenye shimo. Yakijaza shimo mara moja, ni mengi mno.

Kuhusu samaki nitasema machache, maana mtu wa Ituri huzaliwa akijua. Sangara na tilapia wa Ziwa Albert, wa moshi au wa chumvi, hupanda kwetu kutoka Kasenyi na Tchomia. Wa moshi awe na rangi ya kahawia ya dhahabu. Mweusi wa masizi amekaushwa kwa haraka na moto mkubwa, na ukimbonyeza karibu na uti wa mgongo utakuta bado ana unyevu. Ukimgonga ukaona unga unadondoka, wadudu wamemtangulia mlaji. Wa chumvi alowekwe mpaka maji yake yaonjwe bila kukunja uso. Katika sombe samaki huyo anahesabiwa kama kiungo. Akitawala ladha yote, mpishi alikuwa na wasiwasi na majani yake.

Wa pwani wanaoita mboga hii kisamvu huipika kwa nazi, na hupenda sana kisamvu cha mpira, jani la mti mkubwa ulio ndugu wa muhogo. Burundi wanaiita isombe. Karanga ziko huku na kule. Simwambii mtu aache cha kwao, ila tui zito na karanga nyingi hufanya kazi ileile ya mawese mengi, na onja ya kijiko inahitajika kotekote.

Haiwezekani kuila sombe bila bugali wake, yaani ugali wa huku kwetu. Mimi nataka wa muhogo uliolowekwa, au wenye mahindi kidogo. Mizizi hukaa majini siku tatu au nne mpaka ilainike, na wakati huo bakteria za uchachu zinafanya kazi kubwa. Ni jamaa za bakteria zinazogeuza kabichi ya Wakorea kuwa kimchi, na wapishi wa Korea wana akili moja ninayotamani tuiige waziwazi zaidi: uchachu wanaupima kwa hatua. Kimchi changa ni ya kuliwa hivyohivyo pembeni ya wali. Iliyozeeka na kukolea huingia kwenye mchuzi wa moto, na hakuna anayesema imeharibika. Nasi pia unga una hatua zake. Uliochacha kidogo, mweupe, wenye harufu ya mbali ya maziwa ya mgando, unafaa sombe yenye samaki wa moshi. Uliokolea, wa kijivujivu, unataka sombe yenye pilipili na mafuta zaidi kidogo. Lakini unga wenye harufu ya uozo, au ulioshika unyevu ukafanya mabonge ya kijani, hauna hatua yoyote: utupwe.

Bugali ukiiva vizuri hujitenga na sufuria, una mng'ao, na tonge lake likibonyezwa kwa kidole gumba hubaki na shimo la kuchotea mboga bila kupasuka. Ukinata vidoleni haukusongwa vya kutosha juu ya makala.

Kipimo cha mwisho ni cha kesho yake. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa ipasavyo, ikipashwa moto asubuhi kwenye mbabula, jiko la makaa, kwa maji kidogo, hurudi mwili mmoja, na wengi tunaipenda kuliko ya jana kwa sababu chumvi na moshi wa samaki vimeshaingia ndani. Iliyolipuliwa huachana: mafuta upande wake, maji upande wake, na nyuzi chini. Ukialikwa nyumba yoyote ya Bunia, mtaa wa Mudzi Pela au wa Nyakasanza, ukaambiwa kwa kuomba radhi kwamba sombe iliyopo ni ya jana, kubali na ukae. Mama anayethubutu kumpa mgeni sombe ya jana anaijua kazi ya mkono wake.