Habari Ndogo za Wasafiri

Wanafunzi wa maandiko ya Kiswahili wamezoea kuzigawa habari za safari katika mafungu mawili. La kwanza ni fungu la mambo makubwa: biashara, vita, hija, ujumbe wa wafalme na mashauri ya serikali. La pili ni fungu la mambo madogo ambayo msafiri huyaokota njiani pasipo kuyatafuta: chakula alichoandaliwa, kitanda alicholalia, nauli aliyotozwa, baridi ya alfajiri, na jinsi wenyeji wanavyoamkiana mlangoni. Fungu la kwanza husomwa kwa heshima na kuulizwa katika mitihani. La pili hurukwa kama porojo ya mtu aliyerudi nyumbani akiwa na hamu ya kusikilizwa. Hukumu hiyo imekwisha kuwa desturi, na kwa kuwa ni desturi haiulizwi tena sababu yake. Walakini ikipimwa kwa maandiko yenyewe, haisimami.

Shahidi wa kwanza si Mswahili, bali ni mgeni wa Waswahili. Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alipita pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331. Alishuka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Habari zake hazikuandikwa palepale. Alizisimulia zaidi ya miaka ishirini baadaye huko Fez, na mwandishi wake Ibn Juzayy akazimaliza kuziandika mwaka 1355. Katika muda mrefu kama huo kumbukumbu ya mtu yeyote hupukutika kama majani. Ni haki basi kuuliza: nini kilichobaki?

Kilichobaki kwa wingi ni chakula na maji. Mogadishu alikumbuka wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Alikumbuka ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Akaeleza kuwa embe likiwa bivu ni tamu, na likiwa bichi ni kali kama ndimu, nao hulitia katika siki. Alikumbuka vijana waliotoka kwa mashua kuilaki jahazi, kila mmoja na sahani iliyofunikwa, akimpa mfanya biashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Mombasa alikumbuka tunda dogo lifananalo na zeituni lakini tamu sana, ambalo msomaji wa pwani analitambua mara moja kuwa zambarau. Tena alikumbuka kisima mlangoni pa msikiti, kata ya mbao yenye mpini ya kutekea maji, na kipande cha jamvi gumu ambacho mtu hufutia miguu baada ya kuiosha, kwa sababu watu wa mji ule walikwenda miguu mitupu.

Jamvi lile ni jambo dogo mno. Hakuna mfalme aliyelisifu wala mwanachuoni aliyelitungia kitabu. Hata hivyo, katika sentensi chache juu yake msomaji anapata usafi wa watu, ibada yao, mwendo wao wa kila siku, na zaidi ya hayo anaupata mguu wa msafiri mwenyewe, ambao bila shaka ulisimama pale na kufutwa pale. Sifa zilizo kubwa zaidi, kwamba watu wa Mombasa ni wacha Mungu na waadilifu, zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakupata kufika. Habari za jamvi hazingeweza.

Sasa na zitazamwe habari za Kilwa. Hapo Ibn Battuta anataja mambo makubwa: uzuri wa mji, vita vya jihadi, ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Na anaposema kwa jumla juu ya majengo, anasema kuwa ni ya mbao. Lakini magofu ya Kilwa Kisiwani, ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, ni ya mawe ya matumbawe, na wachunguzi wa mambo ya kale wanalihesabu jumba hilo kuwa la zama za sultani yule yule aliyempokea. Yumkini nyumba za watu wengi zilikuwa za miti kweli, na kumbukumbu ikazichanganya zote pamoja. Vyovyote ilivyokuwa, funzo ni wazi. Pale msafiri alipoujumlisha mji mzima kwa neno moja, neno lake lina walakini. Pale alipoeleza kile ulimi na mguu wake ulichogusa, mtu wa pwani anayesoma leo huona kuwa amesema kweli.

Isidhaniwe kwa hayo kwamba jambo dogo ni jema daima. Ibn Battuta huyo huyo amesema juu ya watu wa Mogadishu kuwa mmoja wao hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kuwa wana miili minene kupita kiasi. Hii nayo ni habari ndogo, na ina kejeli ndani yake. Lakini tazama jinsi ilivyojengwa: kipimo kilichotumiwa ni mlo wa nyumbani kwake mwenyewe. Mgeni anapopima sahani ya mwenyeji, huonyesha na sahani yake. Kwa hiyo habari ndogo ina nyuso mbili, uso wa kinachotazamwa na uso wa anayetazama, na mhakiki asiyeusoma uso wa pili amesoma nusu ya maandiko.

Msingi huo ukiwekwa, maandiko ya Waswahili wenyewe yanafunguka kwa namna nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alitoa kitabu kiitwacho *Safari za Wasuaheli*. Humo mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande ya kwenda bara, pamoja na nguo zake za biashara na hongo alizotozwa na watawala wa njiani. Mna pia safari ya Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alimfuata bwana wake Mjerumani, Bumiller, hata Urusi na Siberia. Watu wengi wamekitumia kitabu hicho kama ghala la historia, nao hawakukosea. Wengine wamekikataa, wakidai kuwa ni maneno yaliyotungwa kwa amri ya Mzungu ili yafae darasani Berlin. Na hawa nao wana sehemu ya haki, maana ni kweli kwamba aliyeomba, aliyekusanya na aliyechapisha alikuwa Velten.

Hata hivyo hoja ya kukataa inasahau jambo moja. Mwenye kuamuru habari huweza kuamuru kichwa chake. Hawezi kuamuru kila kilichomo. Aweza kumwambia mtu, "Eleza safari yako," lakini hawezi kumchagulia ni baridi ipi itakayomuuma, wala ni chakula kipi kitakachomshinda. Tena yafaa kukumbuka Salim alikuwa nani katika safari ile. Hakuwa mtalii. Alikuwa mtumishi. Kwa bwana, kitanda ni mahali pa kulala. Kwa mtumishi, kitanda ni kitu cha kutandikwa. Kwa bwana, mizigo ni hesabu iliyo katika daftari. Kwa mtumishi ni uzito ulio mikononi. Jambo liitwalo dogo na aliyeketi huwa ndilo kazi ya kutwa ya aliyesimama. Ndiyo sababu neno lenyewe la "mambo madogo" halina budi kutumiwa kwa hadhari: aulizwe kwanza anayelitamka, madogo kwa nani?

Hapa ndipo panapopatikana pia tofauti kati ya Salim na Ibn Battuta. Yule wa Tanja alisafiri akiwa mwanachuoni, akapokewa na makadhi na masultani kwa heshima ya elimu yake. Huyu alisafiri chini ya jina la mtu mwingine. Lakini alipoandika, safari ile aliiita yake. Neno "yangu" lililo katika kichwa cha habari zake lina uzito: safari iliyogharimiwa na bwana imemilikiwa na mtumishi kwa kusimuliwa. Wala hakuacha vipimo vyake nyumbani. Anapofika kwa Wakalmuki, mizani anayotumia ni ile ya ustaarabu na ushenzi iliyojulikana pwani, na anaitumia bila huruma. Msomaji wa leo ana haki ya kuikataa hukumu hiyo. Hana haki ya kujifanya haoni kwamba, katika zama ambazo Wazungu walikuwa wakiwaandika Waafrika kwa mizani kama hiyo hiyo, hapa palikuwa na mtu wa pwani aliyeishika mizani mwenyewe na kuipima dunia, kwa haki na kwa dhuluma.

Kitabu cha tatu ni cha Martin Kayamba, *Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza*, kilichopigwa chapa na Sheldon Press, London, mwaka 1932. Sababu ya safari ilikuwa kubwa. Mwaka 1931 Kayamba, pamoja na Chifu Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyoshughulikia shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni shauri ambalo Waafrika wa Tanganyika walikuwa na kila sababu ya kuliogopa, kwa kuwa walijua walowezi wa Kenya walikuwa na nguvu kiasi gani. Msomaji wa siasa hukifungua kitabu akitafuta ghadhabu, na asipoipata hukifunga kwa uchungu. Heshima ya Kayamba kwa serikali aliyoitumikia haifichiki, na hakuna haja ya kumtetea kwa uongo.

Lakini na litazamwe jina la kitabu. Hakikuitwa "Tuliyoyaona". Kimeitwa "Tulivyoona". Kiungo *-yo-* kingeelekeza kwenye vitu: majumba, magari, mito na madaraja. Kiungo *-vyo-* kinaelekeza kwenye namna: jinsi kuona kwenyewe kulivyokuwa. Na anayeona si mmoja. Ni "sisi", watu watatu wa lugha tatu za kwao, waliounganishwa na Kiswahili na safari. Tena baada ya kuona kunafuata kufanya. Jina hilo linaahidi zaidi ya orodha ya vituko vya mji mkubwa. Linaahidi habari ya watu waliokwenda kutazamwa na kuhojiwa, nao wakarudi wakiwa ndio waliotazama. Kitabu kihukumiwe kwa ahadi hiyo: pale kinaposifu kwa maneno ambayo afisa yeyote angeyaandika, kimeivunja; pale kinapoeleza namna watu hao walivyopokea mambo ya kawaida ya siku, kimeitimiza.

Kutokana na mashahidi hawa watatu yaweza kutolewa vipimo vya kuhukumia habari ndogo. Kwanza, je, jambo limegusa mwili au haja ya msafiri, au limesikiwa tu? Mtu akiandika kwamba London ni mji mkubwa, hajamwongezea msomaji kitu. Akiandika kwamba aliamkia abiria wote ndani ya gari la moshi kama ilivyo desturi ya kwao, na hakuna aliyeitika, ameandika miji miwili kwa mara moja. Pili, je, kipimo cha nyumbani kimeonekana? Habari isiyo na kipimo ni ya kila mtu, yaani si ya mtu. Tatu, je, msafiri ameiacha habari ijisimamie, au ameiharakisha kuwa hukumu juu ya taifa zima? Ibn Battuta anakubalika kisimani, na anatiliwa shaka anapojumlisha mji.

Kuna kipimo cha nne kilicho kigumu zaidi, nacho ni aibu. Waswahili husema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana yake si fedha. Ni kwamba ugenini mtu mzima hurudi kuwa mtoto: hajui mlango unafunguka upande gani, hajui chakula huliwa kwa mkono au kwa kijiko, hajui kama kicheko anachokisikia ni cha kumkaribisha au cha kumcheka. Msafiri anayeuficha umaskini huo huandika matangazo ya kampuni za meli na ndege. Anayeufunua huandika fasihi. Na hauwezi kufunuliwa kwa mambo makubwa, kwa kuwa mbele ya jumba la mfalme kila mgeni ni mjinga kwa pamoja na hakuna anayeona haya. Mbele ya bomba la maji asilojua kulifungua, mtu huwa mjinga peke yake.

Jambo hili si la kale tu. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar husafiri leo kwa masomo, kazi na mapumziko kuliko walivyosafiri babu zao, na karibu wote hurudi na habari. Ila wengi huandika kama walivyofundishwa kusoma. Wamefundishwa kutafuta jambo kubwa, basi huleta minara na madaraja ambayo picha zake zimekwisha kuonekana na kila mtu. Jamvi la mlangoni huliacha huko huko. Hasara hiyo si yao peke yao. Katika vitabu vingi vya dunia Mwafrika ameandikwa kama anayetazamwa. Habari za mambo ya kila siku ya ugenini ni mojawapo ya mahali pachache ambapo yeye ndiye mwenye macho. Chuo kinachozidharau kinaitupa hazina hiyo kwa mikono yake.

Kwa hiyo *Safari za Wasuaheli* na kitabu cha Kayamba visomwe darasani si kwa ajili ya tarehe na majina peke yake, bali kama kazi za watungaji walioamua kipi kitajwe na kipi kiachwe. Mwanafunzi aulizwe safari ilikuwa ya nini. Kisha aulizwe mtu huyu alikula nini, alilala wapi, nani alimwitikia salamu, na kwa nini hayo ndiyo aliyoyakumbuka.