Mwendo wa Mtu wa Nyuma

Stesheni ya Finse, kwenye reli ya Oslo na Bergen, iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Hakuna stesheni ya treni iliyo juu zaidi yake katika Norwe nzima, na Wanorwe huitaja kwa heshima. Bukavu yetu iko juu kuliko hapo. Mtu wa Lubarika, aliyekulia bondeni mwa Ruzizi akiitazama milima ya Lemera kila asubuhi, akisikia urefu huo atafikiria mashamba ya maharage, ng'ombe na ukungu wa alfajiri. Lakini Finse mwezi wa tatu huoni hata jani. Ziwa limeganda, nchi ni nyeupe mpaka macho yanauma, na upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu ya Hardangerjøkulen unakukatiza maneno mdomoni. Hapo ndipo walimu, wauguzi, mafundi umeme na wastaafu hushuka kwenye treni, wakafunga skii miguuni na kufuatana kwa mstari mmoja nyuma ya mtu ambaye wengi wao hawajawahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Huyo mtu wa mbele ndiye ninayetaka kumsifu leo. Kazi yake nimeitazama kwa makini, na naona inastahili kuandikwa kwa Kiswahili.

Sisi wa upande wa Uvira tunafahamiana na watu wa kaskazini tangu siku nyingi. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika kwetu mwaka 1921, na hospitali ya Lemera ni tunda la kazi yao. Baadaye njia ikageuka. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwatoa watu majumbani, na baada ya miaka ya kambi huko Burundi, Tanzania na Uganda, Wakongo wengi wakapewa makao Norwe. Kiswahili chetu sasa kinasikika katika miji midogo ambayo nusu ya mwaka iko chini ya theluji. Wengi wetu tunaishi humo tukiiogopa hiyo theluji, tunatoka nyumbani kwenda kwenye basi na kurudi. Mimi nilitolewa nje na chama.

Chama chenyewe ni Den Norske Turistforening, kwa kifupi DNT. Kilianzishwa mwaka 1868, na leo kina wanachama zaidi ya 300,000 katika nchi ya watu milioni tano na nusu. Kina nyumba za milimani zaidi ya 500, na kila majira ya baridi matawi yake huandaa safari za skii za siku moja au za siku kadhaa, kutoka nyumba hadi nyumba. Wengi wa wanaoziongoza ni watu wa kujitolea. Wanapata mafunzo, wanatembea kwanza na viongozi wenye uzoefu, halafu wanaanza kukabidhiwa watu.

Kiongozi niliyemfuata alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Huko kila mtu huitwa kwa jina lake tu, hata mzee wa miaka themanini, lakini ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita mama. Alizoea.

Jambo la kwanza alilotuamuru ni kuvua makoti. Tulikuwa bado tumesimama, baridi inaingia shingoni, na yeye anasema tuvue, tuyaweke juu kabisa ndani ya mikoba. Anayeanza safari akiwa na joto zuri atakuwa amelowa jasho baada ya robo saa, na jasho la asubuhi ndilo linalomtetemesha mtu mchana. Basi tukaanza na baridi kidogo, na baada ya muda mfupi akatusimamisha tena, kila mtu arekebishe nguo, kamba za viatu na mikanda ya mkoba. Kuanzia hapo tulitembea karibu dakika hamsini kila awamu, kisha tukapumzika kidogo. Kwenye mapumziko amri ilikuwa kinyume: koti livaliwe kwanza, kabla hujahisi baridi, halafu ndipo ufungue chupa ya chai.

Ustadi wake mkubwa niliuona katika namna alivyowapanga watu. Kati yetu alikuwepo dada mmoja kutoka Fizi, mgeni wa skii, mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote. Mimi ningemweka mwisho, na nadhani wengi wangefanya hivyo, ili asiwacheleweshe wenzake. Mama yule alimweka nyuma yake mwenyewe, wa pili kwenye mstari. Mwenye nguvu kuliko wote, kijana aliyezaliwa na skii miguuni, ndiye aliyepelekwa mwisho, na mkobani mwake kukawekwa beleshi, waya, bisibisi, solotepu, ncha ya akiba ya skii na sanduku la huduma ya kwanza.

Sababu yake ni hesabu tupu. Mtu wa pole akiwa mwisho, wenzake wanafika mahali pa kupumzika, wanakaa, wanakunywa chai, na yeye anapofika wanasimama kuondoka. Kwa siku nzima hapati pumziko hata moja, ilhali ndiye aliyelihitaji kuliko wote. Ifikapo jioni amekwisha, na kundi zima limekwama pamoja naye. Akiwa wa pili, kiongozi anamsikia anavyohema, anapunguza mwendo bila kusema neno, na wote walio nyuma wanaufuata mwendo huo bila hata kujua umetoka wapi. Wachungaji wa milima ya Itombwe wanalijua hilo: kundi la ng'ombe huenda mwendo wa ndama. Nilimwangalia mama yule kwa saa nyingi na sikumwona akigeuza shingo kumtazama dada wa Fizi. Alikuwa akimsikiliza. Pumzi zikipanda, hatua zake zilifupika. Pumzi zikitulia, zilirefuka tena.

Na kila mmoja wetu alikuwa na dhamana ya mtu wa nyuma yake. Usipomwona, unasimama. Wa mbele yako naye asipokuona, anasimama, mpaka kusimama huko kunamfikia kiongozi. Hakuna anayepiga kelele. Katika upepo kelele hazifiki mbali.

Kuna pia kazi ya nta. Skii za safari za namna hii ni nyembamba na ndefu, na katikati, pale mguu unaposimama, zimepinda kwenda juu. Ukisimama kwa miguu yote miwili, uzito unagawanyika na ile sehemu ya katikati haigusi theluji sawasawa, kwa hiyo unateleza. Ukiutupa uzito wote kwenye mguu mmoja, upinde unalala chini, nta iliyopakwa hapo inashika theluji, nawe unajisukuma mbele. Sayansi yote ya mwendo iko katika sentimita chache hizo. Theluji mpya ya baridi kali ina chembe zenye ncha, inataka nta ngumu. Theluji inayokaribia kuyeyuka inataka nta laini. Viwanda huzitofautisha kwa rangi, bluu kwa baridi ya kawaida, kijani kwa baridi kali zaidi, zambarau na nyekundu kadiri joto linavyopanda. Ukipaka ngumu mno utarudi nyuma kila ukipanda mlima, na mikono itachoka kwa kukuvuta. Ukipaka laini mno theluji inaganda chini ya skii na unabeba mabonge badala ya kuteleza.

Nilimwona akichota theluji kwa glovu, akaifinya na kufungua kiganja. Ilisambaratika, haikushikana. Akatoa kijiti cha nta ya bluu mfukoni mwa ndani, alikokiweka makusudi ili mwili ukipashe joto, akampaka bwana mmoja aliyekuwa akiteleza kinyumenyume tangu asubuhi. Alipaka kidogo sana, akasugua kwa kipande cha gome la vizibo mpaka ikawa utando usioonekana. Akapaka tena, akasugua tena. Mtu asiyejua angepaka nyingi kwa mara moja amalize. Bwana yule akajaribu hatua chache, akapanda mwinuko kana kwamba amepewa miguu mingine.

Theluji mpya inapoanguka, wa mbele hupasua njia. Skii zake zinazama, anaacha mifereji miwili sambamba, na wote wa nyuma wanapita humo kwa urahisi. Ni kazi nzito, kwa hiyo wenye nguvu hupokezana. Aliyechoka anatoka pembeni hatua moja, anauacha mstari mzima umpite, anaungana nao mkiani. Inafanyika bila mtu kusimama na bila mtu kushukuru. Naona ni moja ya mambo mazuri kuliko yote ambayo watu wanaweza kufanya pamoja kwa miguu.

Njia kuu za majira ya baridi hutiwa alama kwa matawi membamba yanayochomekwa ndani ya theluji, moja baada ya jingine, kuvuka nyanda nzima. Siku ya jua unayaona kama mapambo yasiyo na maana. Ukungu ukishuka juu ya theluji, mbingu na ardhi vinakuwa rangi moja, hujui kama unapanda au unashuka, na tawi lile ndilo kitu pekee duniani chenye upande wa juu na wa chini. Hapo kiongozi hulisimamisha kundi penye tawi la mwisho linaloonekana, akamtuma mtu mmoja mbele kutafuta linalofuata, asiende mbali na macho ya wenzake. Akiliona anainua fimbo, kundi linamfuata. Tawi kwa tawi. Mwendo huo unachosha roho, na ndio unaofikisha.

Norwe ina mashujaa wake wa skii, na mkubwa wao ni Fridtjof Nansen. Mwaka 1888 aliivuka Greenland kwa skii na wenzake watano, wawili kati yao Wasami, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Alichagua kuanzia pwani ya mashariki isiyo na makazi ya kutegemea, makusudi, ili kusiwe na mahali pa kurudi: mbele tu ndiko kulikokuwa na watu. Huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka 1921 na Shirikisho la Mataifa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922, na pasi za wakimbizi zikaitwa kwa jina lake. Sisi tuliopita kwenye foleni za HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, tuna deni kwake, nami namheshimu sana. Ila mbinu yake ya kujifungia njia ya kurudi haifai hata kidogo kwa mtu aliyekabidhiwa watu wa kawaida, na chama kimejenga ustadi wake wote upande wa pili.

Nyanda za Hardangervidda, zilizo karibu na Finse, zenyewe zimefundisha hivyo. Roald Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, alijaribu kuzivuka nyanda hizo wakati wa baridi mwaka 1896 pamoja na kaka yake, na walinusurika kufa. Pasaka ya 1967 watu 18 walipoteza maisha milimani, na tangu hapo kanuni za mlimani zinazohimizwa na DNT na Msalaba Mwekundu zimekuwa somo la kila mtoto. Ziko tisa. Ya nane inamtaka msafiri ageuze mapema, na inasema wazi kwamba kurudi si aibu. Kwa miaka mingi zimechapishwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj ambayo kila familia huibeba Pasaka.

Kuijua kanuni ni rahisi. Kuitekeleza mbele ya watu waliolipa nauli na kuomba likizo ni kazi ya kiongozi. Siku yetu ya pili, jua likiwa bado linawaka, mama yule alisimama, akatazama ukanda wa mawingu upande wa magharibi, akatazama ramani na saa, akamtazama kijana wa mwisho. Kabla hatujaondoka asubuhi alikuwa ametuonyesha mahali ambapo, tusipopafikia ifikapo saa tano, tungegeuza. Ilikuwa saa tano na robo, na mahali penyewe tulikuwa tunapaona kwa mbali. Wenye nguvu walinung'unika. Hakubishana nao wala hakuomba radhi. Aligeuza skii zake, akapita kando ya mstari akimgusa kila mmoja begani na kutuhesabu, akarudi mbele, dada wa Fizi nyuma yake kama mwanzo. Upepo ulitukuta tukiwa tumebakiza mwendo mfupi kufika nyumba tuliyotoka.

Nyumba hiyo haina mhudumu. Mwanachama huifungua kwa ufunguo wa chama, anaandika jina lake kitabuni na anakoelekea, anachukua chakula ghalani na kukilipia kwa uaminifu wake. Kuni ulizozikuta zimepasuliwa na mtu usiyemjua, nawe unampasulia atakayekuja. Kiongozi aliwagawia watu kazi, huyu jiko, huyu theluji ya kuyeyusha kwa maji, kisha akapita kwa kila mmoja na kumwambia avue soksi. Alikagua visigino vyetu chini ya mwanga wa mshumaa, akabandika utepe palipoanza kuwa pekundu, kabla lengelenge halijatokea.

Baada ya kula akatandaza ramani mezani. Akatuonyesha njia nyingine, fupi, iliyokingika dhidi ya upepo. Wale vijana wakaanza kupendekeza tuondoke alfajiri ili tufidie siku iliyopotea. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dada wa Fizi, akamwuliza yeye kesho angependa tuondoke saa ngapi.

"Saa tatu," akasema.

Tukaondoka saa tatu.