Mwongozo wa Linux husema kweli, ila humsemesha ajuaye

Kati ya maandishi ya kiufundi ninayoyajua, hakuna yanayonivutia na kunikera kwa pamoja kama kurasa za mwongozo wa Linux, mfumo endeshi huria wa tarakilishi. Anayetaka kujua kazi ya amri fulani huandika 'man', akafuatisha jina la amri hiyo, na ukurasa humfungukia papo hapo, hata bila intaneti.

Utaratibu huo umerithiwa kutoka kwa Unix. Mwongozo wake wa kwanza, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitoka Novemba 1971, na tayari ulikuwa na sehemu ya kasoro: waandishi walitaja wenyewe mahali programu zao zilipochechemea. Hebu niambie, ni mwongozo gani wa redio au jokofu unaokiri hivyo?

Tatizo ni lugha. Sehemu ya muhtasari imejaa mabano mraba na nukta tatutatu. Mabano huonyesha kisicho cha lazima, nukta huonyesha kinachoweza kurudiwa. Maelezo hayo yapo, ndiyo, lakini yamo katika ukurasa unaoieleza 'man' yenyewe! Ni kama kumfungia mtu ufunguo ndani ya nyumba, kisha ukamwambia aingie auchukue. Mifano nayo, ambayo ndiyo hasa mgeni huitafuta, aghalabu huja mwishoni au haipo kabisa.

Je, Kiswahili kitatuponya? Mwaka wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwa Jambo OpenOffice kwamba programu huria inaweza kuzungumza lugha yetu. Lakini menyu ni rahisi kuliko ujumbe wa hitilafu. Chukua "Permission denied". Afuataye neno kwa neno atatupa "Ruhusa imekataliwa". Kwa Kiswahili changu, ruhusa iliyokataliwa ni ile mtu aliyopewa akaitupilia mbali. Mtumiaji hapa amenyimwa, basi aambiwe tu, "Huna ruhusa." Vilevile "Amri haikupatikana" husikika kana kwamba amri ilipotea njiani, "Hakuna amri ya jina hilo" yatosha.

Hata tafsiri safi ina adha yake. Mwanafunzi aliyepata ujumbe kwa Kiswahili fasaha ataupeleka wapi, ilhali karibu tiba zote zimehifadhiwa chini ya maneno ya Kiingereza? Ndiyo maana wajuzi hutanguliza 'LC_ALL=C' mbele ya amri ili mashine irejee Kiingereza kwanza. Jamani, huko ni kumlazimu mtu avue lugha yake mlangoni mwa daktari.

Njia ipo, na haihitaji istilahi mpya. Ndani ya Linux, hitilafu hizi zina nambari: kukosa ruhusa ni 13, faili kutokuwepo ni 2. Nambari haina lugha. Watafsiri waichapishe kando ya ujumbe, nao waandishi wa miongozo wapange tiba zao kwa nambari hizo, wakianza na mifano.