Kisa na Mwenyewe

Bibi aitapo "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", hadhira huwa imekwishapewa kazi yake. Msimulizi hasemi peke yake. Msikilizaji naye ana zamu. Skuli zetu hapa Pemba zimezirithi hadithi za sungura na fisi lakini, nionavyo, zimeisahau zamu hiyo. Mwanafunzi akitakiwa kusimulia maisha yake, hupewa kichwa "Siku nisiyoweza kuisahau". Huandika, husahihishiwa kwa kalamu nyekundu, na daftari likafungwa. Kisa hicho hakijapata sikio.

Ndiyo maana visa vya madaftarini hufanana. Jua huchomoza, ndege huimba, msiba hutokea, methali hufunga. Methali ni mali yetu, lakini ikitangulia tukio huwa ni kifuniko juu ya chungu kisichoinjikwa.

Nilipata kualikwa katika darasa moja mjini Wete. Binti mmoja alisimama kusoma insha juu ya meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, wakapotea mamia ya watu. Alisoma kama mtangazaji wa redio: maafa, simanzi, taifa. Nikamwomba aiweke karatasi, atuambie akijuacho yeye. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa wakati ule alikuwa mchanga mno. Akijuacho ni kwamba bibi yake, kila Ijumaa, hupakua sahani moja ya ziada, na hapana aulizaye ni ya nani.

Mwalimu alimhimiza amtaje aliyepotea. Binti alikataa, nami nikaona ana haki. Kisiwani tunajuana, kisa cha mtu mmoja ni cha nyumba nzima, na anayekisema hadharani husema pia kwa niaba ya wasiokuwapo. Wanaofundisha kwamba msimulizi hodari ni yule anayetoa yote hawajaipima sitara kwa mizani ya kwetu. Aliyesitiri hakudanganya.

Washairi wetu walilijua hilo. Katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kitabu kilichotoka mwaka 2011, tunawakuta Kamange na Sarahani wakiyaleta mapenzi na ugomvi wao mbele ya watu, lakini kwa fumbo. Fumbo humwezesha mtu kusema lake bila ya kuvuliwa nguo.

Basi ushauri wangu ni huu. Kisa kisemwe kwanza, ndipo kiandikwe. Wasikilizaji wafunzwe kuuliza "Uliona nini?" kabla ya "Tunajifunza nini?" Na mwanafunzi aambiwe mapema kwamba anayo ruhusa ya kuishia anapotaka. Bila ya ruhusa hiyo atarudi kwenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, kwa kuwa huko hapana wa kumdhuru. Nasi tutampa alama nzuri, tusimjue.